Nipunguzie Tena

"Mama Erica, utanisamehe, leo sindano yako imelala na vichwa vya sangara!"

Mama Violeth alisema hayo kichwa chake kikiwa ndani ya friji, kwa hiyo ilibidi apaze sauti, na wote waliokuwa dukani wakisubiri mkate wakageuka. Loisi akapokea kile kiboksi, cha baridi na chenye shombo, akakifunga kwenye ncha ya kanga. Friji la nyumbani kwake lilishakufa, na dawa hii haitaki joto. Ndiyo maana siri yake ilikuwa inakaa kwa jirani, pamoja na soda.

"Pole, mama," akasema mzee mmoja aliyesimama mlangoni. "Sukari hiyo?"

"Wala si sukari," Mama Violeth akamjibia. "Ya kukondesha. Erica ndiye anamletea, yule binti yake wa wizarani, Mtumba."

"Ya nini?"

"Kukondesha, babu. Kupunguza mwili."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Makubwa haya! Sisi tunahangaika kunenepesha hata mbuzi, wenzetu wanadungwa sindano wakonde!"

Mama Violeth hakucheka. Aliegemea kaunta akashusha sauti, ile sauti ya kushushwa ambayo duka zima linaisikia. "Ila Mama Erica, ni ya kukondesha kweli? Niambie mimi jirani yako. Maana mtaani wanasema mengine, na friji langu hili lina vyakula vya watu."

"Ni ya kukondesha," Loisi akasema, akatoka.

Nje upepo wa Agosti ulikuwa unasukuma vumbi jekundu kutoka upande wa mlima. Alikuwa hajafika kwenye kona ya kisima alipoitwa kwa nyuma.

"Mama Obedi! Wee, Mama Obedi!"

Aligeuka kabla hajafikiri. Jina lile halikuwa lake. Mama Obedi alikuwa dada yake, Restuta, na Restuta amelala Mpwapwa nyuma ya kanisa tangu Obedi hajaanza darasa la kwanza. Aliyemwita alikuwa Bibi Mwanasha, mzee aliyekuwa akiuza karanga stendi ya kule Mpwapwa enzi zao, sasa amekuja mjini kwa mwanawe. Bibi alipomwona usoni, kikapu kikamponyoka.

"Shikamoo, bibi," Loisi akasema.

Bibi Mwanasha hakuitikia. "Walisema umekufa," akanong'ona. "Nilikula ugali wa matanga yako mimi."

"Mimi ni Loisi, bibi. Mdogo wake."

"Loisi alikuwa mnene."

"Ndiye mimi. Nimepungua tu."

Mzee akamtazama miguu, kama anayehakikisha inagusa chini. Akaokota kikapu chake polepole, mkono wa kuagana hakuutoa. "Haya," akasema. "Basi dada yako ukimwona, umsalimie."

*

Erica hakuwa mtoto mkorofi, na hakuileta ile dawa kwa kutaka mama yake awe mrembo. Mwaka uliopita alirudi kutoka kazini akamkuta Loisi ameanguka kati ya jikoni na mlango, pumzi inakwenda kama msumeno. Akajaribu kumnyanyua, akashindwa. Akaita wanaume wanne wa mtaani. Wanaume wakang'oa mlango wa banda la kuku, wakamlaza juu yake, na mmoja wao, Kefa fundi baiskeli, akasema "moja, mbili, tatu" kama wanaopakia gunia la uwele. Kanga ilikuwa imefunguka. Loisi aliyasikia yote, macho ameyafumba, akijifanya amezimia.

Hospitalini daktari kijana, Dokta Ernest, alimweleza kwa adabu. Presha iko juu, sukari inabisha hodi, magoti yamechoka. "Mama yangu," akasema, "moyo wako mmoja unafanya kazi ya watu wawili."

Loisi alishtuka akamkazia macho. Nani kamwambia huyu mtoto?

Dawa ilianza msimu wa zabibu, mwezi wa tatu. Kila Jumamosi Erica alipandisha blauzi ya mama yake, akabinya tumbo kwa vidole viwili, akadunga. Haikuuma. Ilichofanya ni kuondoa njaa, na sijui kama mtu ambaye hajaondolewa njaa anaweza kuelewa. Loisi alikuwa anausonga ugali wa uwele na kuupika mlenda kama alivyofundishwa na mama yake, akakaa mbele ya chakula, na chakula kikamtazama yeye. Akimeza, ilikuwa kama kumeza pamba ya mto. Matonge mawili, basi.

Mwili ukaanza kuondoka. Ukatoka kwanza shingoni, ukatoka mikononi, ukatoka usoni. Mapigo ya moyo yakatulia, hilo aliliona na alishukuru. Aliweza kwenda mpaka kanisani bila kukaa njiani. Lakini nyumba ikaanza kumshangaa. Kile kiti chake cha mninga kilichokuwa kikilia kila akikaa, kikanyamaza. Mbwa wa Kefa, aliyezoea kumsindikiza na kutikisa mkia, akawa anambwekea kwa mbali, manyoya yamemsimama. Na siku moja jioni Erica aliinua kichwa kutoka kwenye simu yake akapiga kelele.

"Mama! Umeingia saa ngapi?"

"Nimepita hapo mbele yako."

"Sijakusikia."

Loisi akasimama katikati ya sebule. Miaka yote alipotembea vikombe viligongana kabatini. Mtu aliyekuwa anatembea bila kusikika katika maisha yake alikuwa mmoja tu, dada yake, na huyo alianza hivyo miezi ya mwisho ya uhai wake.

Wiki iliyofuata wakaja wanawake wa kanisani, wakiongozwa na Mama Batholomeo, wameshika sukari, sabuni na majani ya chai. Ni vitu vya kwenda navyo kwa mgonjwa. Wakaimba wimbo mmoja. Wakamwuliza anapata usingizi, kinywa hakina vidonda? Loisi aliwaambia ni dawa ya kupungua, amepewa na daktari, na wao wakaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa upole mkubwa, wakamshika bega.

"Siku hizi hata ukiwa nao, unaishi," Mama Batholomeo akamwambia akiwa anavaa viatu. "Usifiche, mpendwa. Waliokufa ni wale waliokuwa wanaficha."

*

Sasa lazima nimseme Restuta, ila sitakawia.

Restuta aliugua wakati ambapo ugonjwa ule haukutajwa kwa jina na dawa zake zilikuwa bado hazijafika huku kwetu. Kila baada ya majuma machache alikuja kwa Loisi kwa mlango wa nyuma, gauni lake la kanisani limeviringishwa kwenye kanga. Loisi alikuwa fundi cherehani, kama alivyo mpaka leo. Restuta alisema neno moja tu, "Nipunguzie tena." Loisi alimpima, akaingiza mshono ndani, ili Jumapili watu wasione nguo inaning'inia. Hakukata hata mara moja. Aliacha kitambaa cha akiba kwa ndani, pande zote mbili. "Ukipona tutaiachia," alikuwa akisema. Siku walipomvalisha Restuta gauni lile kwa mara ya mwisho, akiba iliyokuwa ndani ya mishono ilikuwa nene kuliko yeye mwenyewe.

Kulikuwa na mtoto, Obedi, wa miaka sita. Kila asubuhi alizungusha vidole vyake vidogo kwenye kifundo cha mkono wa mama yake, gumba na kile cha kati, kuona kama vinafikiana. Mwanzoni havikufikiana. Siku vilipogusana alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani.

Restuta alimwita Loisi kitandani. "Mlee mwanangu. Na usikonde, Loisi. Asije akayaona haya mara ya pili."

"Sitakonda," Loisi akajibu.

Kisha Restuta, aliyekuwa bingwa wa vitendawili tangu wakiwa wadogo wakichunga ndama, akatabasamu. "Kitendawili."

"Tega."

"Nikikipunguza kinaongezeka."

Loisi alifikiri, akashindwa. "Nipe mji," Restuta akadai, kama ilivyo desturi, anayeshindwa hutoa mji ndipo apewe jibu. Loisi akampa ule uliomjia kwanza mdomoni. "Nakupa Mpwapwa, uende ukale nyama choma." Restuta akafumba macho. "Nimeupokea Mpwapwa. Nimekwenda, nimefika, nimekaribishwa..." Usingizi ukamchukua hapo, jibu halikutoka, na kesho yake hakuamka. Wakamzika huko huko alikopewa. Loisi akiwa pembeni ya kaburi, akiwatazama wachimbaji, kila koleo la udongo linapotoka kaburi linazidi kwenda chini, akalipata jibu peke yake. Shimo.

Akamchukua mtoto. Obedi kila asubuhi alikishika kifundo cha mkono wake na kupima, naye Loisi alikula. Alikula wakati ana njaa na wakati hana. Alikula kiporo, alikula makombo ya mtoto, alikula uji wa jioni baada ya ugali wa jioni, mpaka nafasi kati ya vile vidole ikatosha kupitisha yai. "Bado, Mamdogo!" mtoto alikuwa anapiga kelele ya furaha. "Bado havifiki!" Akaenda shule anaruka.

Mtoto amekua mtu mzima, yuko Mpwapwa kwenye kituo cha mifugo. Lakini kila akija, kabla ya shikamoo, hushika kifundo kile. Ni mzaha wao. Na tangu msimu wa zabibu Loisi amekuwa akimwambia kwamba kamera ya simu yake ni mbovu.

*

Simu ya Obedi ilikuja ghafla. Analeta madume ya maonyesho ya Nane Nane, atapita nyumbani mchana kula.

Loisi akachukua gauni lake la kitenge, lile la bluu analolijua Obedi. Lilikuwa linampwaya. Akalibana kwa pini, akakaa kwenye cherehani, akaanza kuingiza mshono ndani. Ilikuwa mara ya tatu.

"Kata hiyo mikia ya ndani, Mama," Erica akasema. Ilikuwa Jumamosi, amekaa karibu na kiboksi chake. "Inakuvimbisha mbavuni. Hurudi tena huko, kata."

Loisi akashika mkasi. Mkono haukushuka. Akauweka mkasi, akavaa gauni, akaenda kwenye kioo cha kabati kuangalia mabega. Kila kitu usoni kilikuwa kimeshuka isipokuwa macho. Macho yalikuwa yameongezeka. Yalimtazama kwa subira, kama mteja aliyefika na nguo yake mkononi anangoja fundi amalize ya mwenzake, na Loisi akasikia sauti, kavu, ya kutoka puani kidogo, ikisema, "Nipunguzie tena."

"Unasemaje, Mama?" Erica akauliza kule sebuleni.

Ni mdomo wake mwenyewe ndio ulikuwa umetikisika.

Akarudi kwenye cherehani, mgongo kwa mlango, akasukuma pedeli ili mikono ipate kazi. Hakusikia geti. Alichosikia ni viatu vikikoma kizingitini. Halafu sauti ya mwanamume mzima, lakini imekuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Mama."

Si Mamdogo. Obedi alikuwa hajapata kumwita yeye hivyo, hata siku moja.

"Bee, mwanangu," Loisi akaitika. Na hiyo bee pia haikuwa yake. Ndivyo Restuta alivyokuwa akiitika, akiivuta mwishoni.

Akageuka. Obedi alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani nje, kofia ya kazi mkononi, jasho linamtoka kwenye upepo ule wa baridi.

"Karibu ndani, Obedi. Ni mimi."

"Nitakaa hapa nje kidogo," akasema. "Nina harufu ya ng'ombe."

*

Chakula kikapoa. Erica akamfuata kaka yake uani, na dirisha lilikuwa wazi, Loisi akawasikia.

"Anaumwa nini? Niambie ukweli."

"Haumwi! Ndiyo kwanza anapona. Ni dawa, nimemletea mimi, ya kupungua."

"Mwambie aache."

"Aache? Wewe uko na ng'ombe zako Mpwapwa, mimi ndiye niliyemkuta chini! Unajua walimbeba na nini? Mlango wa kuku, Obedi! Unataka afe mnene ili wewe ulale vizuri?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo. Mtu mzima na ndevu zako, unaogopa mwanamke mwembamba."

Obedi akaizungusha kofia yake mkononi. Aliposema, alisema chini sana. "Sikuona mwanamke mwembamba pale, Erica. Nilimwona mama. Na aliniitikia."

Loisi akainuka akatoka uani. Hakuna aliyemsikia mpaka alipokuwa katikati yao, na wote wawili wakaruka. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Pima," akamwambia Obedi.

"Mamdogo, tuache."

"Pima, nimesema."

Akashika. Gumba likakutana na kidole cha kati, likakipita, likalala juu yake. Obedi akautazama mkono wake kama si wake. Halafu akacheka kicheko kibaya chenye machozi.

"Vinagusana tangu nikiwa sekondari," akasema. "Mkono wangu ulikua, Mamdogo. Ungefanyaje usikue? Nilikuwa naviachanisha makusudi. Nikisema bado, ulikuwa unafurahi kweli, unajiongezea ugali. Ningekuambiaje?"

Loisi akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Miaka yote ile. Yeye anakula kwa ajili ya vidole, na vidole vinadanganya kwa ajili yake.

"Basi imekwisha," Erica akasema upesi, akachutama mbele yake, kiboksi mkononi. "Umesikia, Mama. Hakuna wa kumlindia unene tena. Leo Jumamosi. Nikuchome, tule, tumalize."

Loisi alikuwa anamtazama Obedi. "Kitendawili," akasema.

Obedi akapangusa uso kwa kofia. "Tega."

"Nikikipunguza kinaongezeka."

"Ah," Obedi akasema. "Hicho cha mama."

"Nililipata jibu makaburini. Nikaona koleo linavyotoa udongo. Shimo."

"Nani kakwambia shimo?" Obedi akamshangaa. "Alinitegea mimi kwanza, nikashindwa, nikampa mji wa Kondoa. Akanipa jibu. Ni macho." Akagusa kope zake kwa kidole. "Alisema, mwanangu, mama anapungua kila mahali, lakini angalia macho yanavyoongezeka. Hayo hayaondoki. Yana kazi ya kukutazama wewe."

Upepo ukaliinua vumbi uani, ukalizungusha, ukaliacha. Erica alikuwa bado amechutama. Loisi akakumbuka kioo cha kabati, na yale macho yaliyokuwa ndani yake yakisubiri kwa upole, na akaelewa hayakuwa yamekuja kwa ajili yake, bali kwa ajili ya Obedi.

Akakifunika kiboksi kwa kiganja. "Mrudishie Mama Violeth akalaze na samaki wake," akasema. "Au mpelekee Dokta Ernest, ampe mwenye kuihitaji. Dawa ni nzuri. Sina ugomvi nayo."

"Mama, plizi. Utakufa."

"Vidonge vya presha nitameza. Kutembea nitatembea, wewe utanishika mkono. Jumatatu nitakwenda mwenyewe kwa Dokta, nimwambie, anigombeze. Lakini hii hapana, mwanangu. Kila Jumamosi mnaniondoa kidogo, na kila ninapoondoka kuna mtu anaingia pale. Nikiendelea, atakayekuwa anamtazama Obedi kwa macho haya si mimi."

"Hiyo ni hofu tu, Mama."

"Ndiyo. Ni hofu. Sasa niibebe wapi, kama si mwilini?"

Erica akalia, kichwa amekilaza kwenye goti la mama yake, goti ambalo sasa lilikuwa na mfupa. Loisi akamshika nywele akamwacha alie, kwa sababu alijua mtoto naye alikuwa na haki. Obedi akaingia ndani kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wakasikia sufuria zikigongana.

"Mamdogo! Nikupakulie?"

"Pakua kidogo," Loisi akajibu, akasikiliza sauti yake mwenyewe mpaka ilipoisha. Ilikuwa yake, au karibu na yake.

Jua lilipoanza kushuka na Obedi amekwenda kwa madume yake, Loisi alikaa na wembe akafumua mishono ile mitatu, mmoja baada ya mwingine. Kitambaa cha akiba kikatoka kwa ndani, bluu nzito, hakijaona jua, na mistari ya vitundu vya sindano ikabaki mahali uzi ulipokuwa. Akalivaa gauni. Likampwaya mabegani, likampwaya kiunoni, likaanguka mpaka chini kama la mtu mwingine. Akakifunika kioo cha kabati kwa kanga, akaenda kwenye kile kiti cha mninga, akakaa polepole ndani ya gauni lake, akimsubiri Loisi arudi.